Njia za Msituni na Maji ya Mfereji Wako

Ndugu mkulima wa skimu, nakuomba asubuhi moja katika mwezi wa pili, kabla mvua za masika hazijaanza, usimame penye mfereji wako uyatazame maji. Mvua za mwisho zilikwisha mwezi wa kumi na mbili. Jua ni kali, ng'ombe wamekonda, na barabara ya kwenda sokoni ni vumbi tupu. Hata hivyo maji yanakuja. Pengine ni kidogo, pengine zamu yako inafika usiku wa manane, lakini yanakuja. Je, maji hayo ni ya mvua ipi?

Ukitaka jibu, tazama kusini siku isiyo na mawingu. Ni maji ya Mlima Kenya. Mto Isiolo hupata maji yake katika miteremko ya kaskazini mashariki ya mlima ule, na mito mingine inayoishia katika Ewaso Nyiro hutoka pande hizo hizo za juu. Maji unayoyaelekeza kwenye vitunguu vyako leo yamekaa ndani ya ardhi muda mrefu, chini ya miti ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa karibu. Mwezi huu nitaeleza habari za watu wanaoitunza miti hiyo na njia zake, wengi wao bila mshahara; jinsi kazi yao inavyofanywa; sheria inasema nini juu yao; na kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa Burat, Ngare Mara, Kinna na kwingineko huku chini kwenye joto.

Jaribio la madebe mawili

Watu wengine husema kwamba miti huleta mvua, na hapo mazungumzo huishia. Wengine husema miti hunywa maji yote, afadhali ikatwe. Maneno yote mawili yana kweli kidogo, lakini hayatoshi. Fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto wako, nao watalielewa upesi kuliko wewe.

Twaa debe moja kuukuu ulipasue kwa urefu upate vihori viwili, kisha ukate ukingo wa mbele wa kila kimoja ili maji yapate kutoka. Katika kihori cha kwanza tia udongo mtupu, uushindilie kwa mkono. Katika cha pili tia udongo uliochimbwa pamoja na majani yake na mizizi yake, na juu yake utandaze majani makavu. Viweke kwa mshazari juu ya mawe, na mbele ya kila kimoja weka sufuria. Sasa mwagilia vyote viwili kwa kopo lenye matundu, kiasi kile kile cha maji.

Katika kihori cha kwanza maji yatakimbia mara moja, na sufuria itajaa tope jekundu. Katika cha pili maji yatachelewa, yatatoka machache na meupe. Lakini usiondoke. Rudi baada ya muda, utaona kile cha kwanza kimekwisha kukauka, na cha pili bado kinadondosha tone moja moja. Matone yale ndiyo maji ya mwezi wa pili.

Basi kazi kubwa ya msitu wa mlimani ni kuyachelewesha maji, ili mvua ya mwezi wa kumi na moja ipate kutumika mpaka mwezi wa tatu. Ni kweli kwamba miti nayo hunywa, na mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi hunywa kuliko kiasi. Lakini mlima uliokatwa miti yote hutupa mafuriko wakati wa mvua na mchanga mtupu wakati wa jua, na mkulima wa skimu hana faida na kimojawapo.

Msitu ulio karibu nasi

Ukitoka mjini Isiolo kwa gari na kupanda kuelekea njia panda ya Subuiga, nchi ya Lewa iko mkono wako wa kulia. Kusini mwa Lewa, katika Kaunti ya Meru, ndipo ulipo msitu wa serikali wa Ngare Ndare. Si mkubwa sana ukilinganishwa na msitu wa Mlima Kenya wenyewe: ni kama hektari 5,500, yaani zaidi ya ekari 13,000. Miti yake mingi ni mitarakwa na mizeituni mwitu, ile inayoitwa mutamaiyu, na baadhi yake yasemekana ina umri wa miaka 200. Mto Ngare Ndare hupita humo ukifanya maporomoko na madimbwi ya maji ya buluu, kisha huteremka kupitia Lewa kuelekea Ewaso Nyiro. Jina lake ni la Kimaasai, na maana yake ni maji ya mbuzi. Habari ya mbuzi tutairudia.

Msitu huu pia ni njia ya ndovu. Ndovu wa Mlima Kenya na wale wa nyanda za chini wamekuwa wakitembeleana tangu zamani, lakini mashamba na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru viliwakatia njia. Ikatengenezwa njia maalumu yenye urefu wa kilomita 14 hivi, yenye ua wa stima pande zote mbili, na chini ya barabara likajengwa daraja la kupita ndovu. Ndovu wa kwanza alilipita mwanzoni mwa mwaka 2011, na wengine wengi wakamfuata. Mwaka 2013 Lewa na Ngare Ndare viliongezwa katika eneo la Mlima Kenya lililomo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa mkulima jambo la maana zaidi ni kwamba ua ukiwa mzima, mahindi yako yako salama usiku.

Lakini hali haikuwa njema siku zote. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare ili kuhesabu uharibifu. Walioruka waliona visiki vya miti ya mkafuri kwa maelfu, matanuri ya makaa kwa maelfu, na mashamba ya bangi katikati ya msitu ambako hakuna mtu aliyekuwa akipita ila wenye bangi. Mwaka uliofuata serikali iliweka msitu wa Mlima Kenya chini ya ulinzi wa KWS. Kumbuka sana maneno hayo, kwamba hakuna mtu aliyekuwa akipita. Msitu huibiwa pale pasipokuwa na macho.

Sheria inasema nini

Chini ya sheria ya zamani mwananchi hakuwa na nafasi katika uongozi wa msitu wa serikali. Alikuwa ama mnunuzi wa kibali cha kuni, ama mshitakiwa. Wazee watakumbuka pia mpango ule wa kulima mahindi na viazi katikati ya miche ya misonobari ya serikali. Mpango huo ulipigwa marufuku mwaka 1987, na baadaye ukarudi kwa jina la PELIS. Lakini huo ni wa misitu ya kupandwa tu. Katika msitu wa asili kama Ngare Ndare hapana ruhusa ya kulima hata tuta moja, na mtu akikuambia kwamba anauza kibali cha namna hiyo, anakuibia.

Mabadiliko yalikuja kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza watu wanaokaa karibu na msitu waliruhusiwa kuunda chama chao na kushirikiana na Shirika la Misitu, KFS, katika kuutunza. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2016, ambayo ndiyo inayotumika sasa, nayo imehifadhi jambo hilo. Chama hicho wengi hukiita kwa herufi zake tatu, CFA.

Chama kinachoomba kutunza msitu lazima kipeleke kwa KFS orodha ya wanachama wake, katiba yake, kanuni zake za fedha, mipaka ya sehemu ya msitu inayoombwa, na maelezo ya jinsi wanachama watakavyoitumia na kuilinda. Wakikubaliwa, mapatano hutiwa sahihi. Tangu hapo chama kina wajibu na kina haki. Wajibu wake ni kulinda msitu, kusaidia kuzima moto, kuwapasha maofisa habari za jambo lolote linalotokea humo, na kuwasaidia kushika sheria. Haki zake zaweza kuwa kuvuna asali, kukusanya kuni na dawa za miti shamba, kukata majani na kulisha mifugo, na kuongoza wageni. Nasema zaweza kuwa, maana haki hizo ni zile tu zilizoandikwa katika mapatano. Chama kikivunja mapatano chaweza kunyang'anywa haki zake.

Na mtu asiye na kibali akikata mti, akichoma makaa, akiwasha moto au akiingiza mifugo katika msitu wa serikali, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Nimeona watu wakistaajabu wanapoambiwa kiasi hicho. Ni bei ya ng'ombe wazima, kwa ajili ya magunia machache ya makaa.

Njia ni nusu ya ulinzi

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mkulima mmoja wa skimu alikuja ofisini na kuniuliza hivi: “Karani, nimesikia kwamba watu huenda msituni kufyeka njia. Je, kufyeka si kuharibu msitu? Kwa nini wasiuache ukue?”

Ni swali zuri. Jibu ni kwamba msitu usio na njia hutunzwa na Mungu peke yake, na wezi wanalijua jambo hilo. Ngare Ndare ina walinzi wa doria wanaolipwa, lakini walinzi wachache hawawezi kuzunguka ekari 13,000 wakipasua vichaka. Penye njia safi mtu hupita kwa saa moja mahali ambapo angepita kwa nusu siku, na husikia msumeno wa injini kabla mti haujaanguka. Mwizi wa miti hahitaji giza. Ahitaji muda, na njia inayopitwa kila siku humnyima muda huo.

Tena iko habari ya moto. Mwezi Machi 2012, na tena Februari 2019, moto mkubwa uliteketeza sehemu za juu za Mlima Kenya. Katika miezi ile majani huwa makavu kama karatasi, na moto waweza kuanzishwa na mrina asali aliyeacha kienge chake kikifuka, au mchungaji aliyetaka nyasi changa. Ndege za kuzima moto ni chache na ziko mbali. Moto wa msituni kwa kawaida huzimwa na watu wenye matawi mabichi, makoleo na mapanga, nao hawawezi kuufikia pasipo njia. Njia iliyofyekwa vizuri hadi kwenye udongo mtupu huweza pia kuuzuia moto mdogo wa majani usivuke.

Halafu kuna wageni. Ngare Ndare ina daraja la kamba na waya lililotundikwa kati ya vilele vya miti, lenye urefu wa mita 450 hivi, na watu hutoka mbali kulitembea. Hulipa ada, na ada hiyo husaidia kulipa walinzi. Mgeni aliyeteleza kwenye tope na kuvunjika mguu hatarudi, wala rafiki zake hawatakuja.

Jinsi ya kutengeneza njia isiyogeuka korongo

Hapa mkulima ana faida kuliko mtu wa mjini, maana adui wa njia ni yule yule adui wa shamba lako: maji yanayokimbia. Njia inayoshuka moja kwa moja kwenye mteremko, baada ya mvua mbili, huwa mfereji. Baada ya miaka mitatu huwa korongo ambalo hata punda halivuki. Basi njia njema hukata mteremko kwa mshazari, kama vile unavyochimba fanya juu kwa kuukingama mteremko. Uso wake uwe umeinama kidogo sana kuelekea upande wa chini, ili maji yavuke njia na kuingia majanini badala ya kuifuata.

Mahali ambapo njia ya zamani inashuka wima na haiwezi kuhamishwa, weka vigogo vya kukinga maji. Twaa gogo lililokwisha kufa, nene kama paja la mtu. Chimba mtaro mwembamba unaokatiza njia kwa mshazari, si kwa kuikata sawasawa, na ulifukie gogo ndani yake mpaka nusu ya unene wake. Lipigilie vigingi upande wa chini. Ncha yake ya chini itokeze nje ya njia, maji yapate kumwagika penye majani, wala si penye udongo mtupu. Ukiweka gogo sawasawa bila mshazari, tope litajaa nyuma yake kwa mvua moja na kazi yako itakuwa bure. Kosa hili ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi. Penye mteremko mkali weka gogo kila hatua 10. Penye mteremko wa wastani hatua 20 au 30 zatosha. Baada ya kila msimu wa mvua, mtu apite na jembe kuzibua.

Katika kufyeka, upana wa mita moja na nusu watosha. Matawi yakatwe kwa kiasi ambacho mtu aliyeinua jembe lake haligusi. Tawi likatwe kwanza kutoka chini kidogo, kisha kutoka juu, lisije likachana gome la mti. Na likatwe karibu na shina lakini nje ya ule uvimbe wake, maana hapo ndipo kidonda hupona. Lantana ing'olewe na mizizi, kwa sababu ukiifyeka tu waipa nguvu mpya. Mti mzima usiguswe. Mti ulioanguka wenyewe ukaziba njia ni mali ya serikali vilevile. Bwana misitu ataruhusu ukatwe kipande cha kupitia, na kilichobaki kiachwe mahali pake kioze, au kitolewe kwa kibali.

Jambo jingine laweza kuigwa kutoka Nairobi. Katika msitu wa Karura kila njia panda ina nguzo yenye namba. Mtu akiona moshi, au mwenzake akiumia, hataji kilima wala mti mkubwa. Hutaja namba ya nguzo iliyo karibu, na walinzi wanajua waende wapi. Nguzo na rangi si ghali. Karura ni hektari 1,041 tu, na mwezi Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa huko hata akatoka damu alipokwenda kupanda miti katika ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa watu. Mtu huyo alikuwa ameanzisha shughuli ya Green Belt mwaka 1977 pamoja na wanawake wa vijijini na vitalu vyao vya miche, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baada ya sheria mpya wakazi wa jirani waliunda chama chao cha marafiki wa Karura, wakachangisha fedha za ua wa stima, wakatengeneza njia, na mahali palipoogopwa kwa sababu ya wanyang'anyi pakawa pa kutembea watoto. Ni kweli kwamba Karura imezungukwa na matajiri na mabalozi, nasi hatuna hao. Lakini nguzo zenye namba hazihitaji balozi.

Maneno machungu

Si haki kusifu tu. Wako wanachama wa vyama vya misitu, katika sehemu mbalimbali za nchi, wanaolalamika kwamba wao hufyeka na viongozi hula. Mahali pengine kamati haijafanya uchaguzi kwa miaka. Mahali pengine wanaume hugawana vibali na wanawake hubaki na zamu za kumwagilia miche. Dawa imo katika sheria ile ile: chama hakiwezi kukubaliwa bila kanuni za fedha, na kanuni zilizoandikwa zaweza kusomwa. Mwanachama anayo haki ya kuuliza mizinga ilitoa kilo ngapi za asali na fedha zilikwenda wapi. Aulize mkutanoni mbele ya watu, tena mapema, kabla mambo hayajaoza.

Na sasa habari ya mbuzi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa kunyesha sawasawa kwa misimu mitano mfululizo, na kila mtu wa Isiolo anajua alichopoteza. Wakati kama huo mfugaji huona majani mabichi nyuma ya ua wa msitu, na ng'ombe wake wanakufa mbele ya macho yake. Kumwambia habari za kizazi kijacho ni kumtukana. Maoni yangu ni kwamba malisho ya dharura yapaswa kupatanwa wakati wa neema, yaandikwe katika mapatano: ng'ombe wangapi, sehemu ipi, miezi ipi, nani ahesabu. Mbuzi ni shauri jingine. Mbuzi hula ncha ya mche, na mche uliokatwa ncha mara tatu hauwi mti. Afadhali mwenye mbuzi akatiwe majani apelekewe nje, ingawa ni kazi ya kuchosha.

Sisi wa chini tufanye nini

Mtu wa Burat hakai jirani na Ngare Ndare, na kwa hiyo chama cha msitu ule si chake. Lakini Ewaso Nyiro ilikauka kwa sehemu ndefu, juu ya Buffalo Springs, katika miaka ya 1984, 1986, 1991, 1994, 1997 na 2000, na walioteseka walikuwa watu wa chini. Msitu si sababu pekee. Sehemu kubwa ya maji huchotwa njiani na mashamba ya huko juu, makubwa kwa madogo, na ndiyo maana kuna vyama vya watumiaji wa maji, ambamo watu wa juu na wa chini wa mto mmoja hukaa meza moja na kupatana zamu. Skimu yenu isikose kupeleka mjumbe huko.

Naongeza shauri langu, wala si amri ya ofisi. Skimu moja moja ipeleke watu kumi, mara mbili kwa mwaka, kusaidia kazi ya njia, baada ya kupatana na bwana misitu na chama cha huko. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na wengi walipanda. Lakini miche mingi ya siku moja haina mtu wa kuitazama siku ya pili. Kazi ya njia humrudisha mtu mahali pale pale, naye huona ni mche upi umeshika na upi umeliwa. Tena iko faida isiyoandikwa popote: mtu aliyetoka Isiolo akatoa jasho lake huko juu husikilizwa kwa namna nyingine siku anaposimama katika mkutano wa maji na kusema kwamba mfereji wake umekauka.

Wakati mzuri wa kwenda ni mwezi wa sita, mvua za masika zikiwa zimekwisha na ardhi bado laini, na tena mwezi wa kwanza, kabla majira ya moto hayajapamba. Mtu asiende peke yake hata kidogo, wala asiingie bila mlinzi, maana ndovu na nyati wamo humo na hawajui kwamba umekuja kusaidia. Kazi ianze jua likiwa limekwisha kuchomoza, maana wanyama hurudi vichakani asubuhi, na iishe kabla ya saa sita. Mbwa abaki nyumbani. Usiwashe moto wa chai. Kila kundi liwe na jembe mbili, sururu moja, mapanga, na fyekeo zilizokwisha kunolewa; viatu viwe vya kufunika mguu; na kila mtu achukue maji yake ya kunywa. Majina ya watakaokwenda yaandikwe na katibu wa skimu na kupelekwa katika kituo cha misitu majuma mawili mapema, ili mlinzi apangwe.